Maisha ya Kardinali Lavigerie na Urithi wa Vita vya Msalaba



Mtu atokaye Mpanda na kushika njia ya magharibi, mwisho wake hufika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko ipo misheni ya kale ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka wa 1885 katika boma ambalo Wabelgiji walilijenga miaka michache kabla ya hapo. Mtu aliyewatuma wamisionari hao hakuiona Karema kamwe kwa macho yake. Jina lake ni Charles Lavigerie, askofu mkuu na kardinali wa Kanisa la Roma. Hakuwa mtu wa kanisa letu. Lakini habari zake zatufaa, kwa kuwa ndani yake twaona jambo liwapasalo Wakristo wote kulifikiri: jinsi vita vya dini vilivyopiganwa zamani sana viwezavyo kuitawala mioyo ya watu waliozaliwa zaidi ya miaka mia tano baada ya vita hivyo kwisha.

Basi kwanza tuvikumbuke vita vyenyewe. Mwaka wa 1095, katika mji wa Clermont nchini Ufaransa, Papa Urbano wa Pili aliwaita Wakristo wa Ulaya waende kuitwaa Yerusalemu mikononi mwa Waislamu. Watu walishona misalaba ya kitambaa katika mavazi yao, ndiyo maana vita vile huitwa Vita vya Msalaba. Mwaka wa 1099 waliutwaa mji, wakawaua Waislamu na Wayahudi wengi mno. Mwaka wa 1187 Sultani Salahaddini aliutwaa tena. Vita viliendelea hata mwaka wa 1291, ulipoanguka mji wa Akka. Katika wafalme waliokwenda, mmoja ni Louis wa Tisa wa Ufaransa. Safari ya kwanza alitekwa Misri, mwaka wa 1250. Safari ya pili alikufa kwa maradhi kambini karibu na Tunis, tarehe 25 Agosti 1270. Kanisa la Roma likamhesabu kuwa mtakatifu. Huyo Louis tumweke akilini, maana tutakutana naye tena.

Vita vilikwisha, lakini mazoea ya moyo hayakwisha. Wakristo walikuwa wamejifunza kumwita Mwislamu adui wa Mungu, na Waislamu walikuwa wamejifunza kuuona msalaba kuwa bendera ya jeshi. Mti ule ambao Mwokozi alikufa juu yake pasipo kujitetea ukawa alama ya watu wenye panga. Mazoea hayo yalisafiri mbali. Wareno walipofika pwani yetu mwaka wa 1498, matanga ya merikebu zao yalichorwa msalaba wa Chama cha Kristo, ambacho katika nchi yao kilirithi mali ya watawa askari wa vita vile. Mwaka wa 1505 waliiteka Kilwa, wakaichoma Mombasa. Kwa watu wengi wa pwani, ndivyo msalaba ulivyoonekana mara ya kwanza.

Charles Lavigerie alizaliwa karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi ya Ufaransa, tarehe 31 Oktoba 1825. Alipata upadre mwaka wa 1849, naye kwa kuwa alikuwa na akili nyingi alifanywa mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Paris. Huko alifundisha juu ya mambo ya kale. Lakini kazi ya vitabu peke yake haikumtosha. Mwaka wa 1857 akapewa kukiongoza chama kilichosaidia shule za Wakristo katika nchi za Mashariki.

Mwaka wa 1860 ilitokea fitina kubwa katika Lebanoni na Dameski. Wadruzi na Waislamu waliwashambulia Wakristo, na maelfu wakauawa. Lavigerie alikusanya sadaka katika Ufaransa, akasafiri mwenyewe kwenda kuwagawia wajane na yatima. Aliona makanisa yaliyochomwa na makaburi mapya. Mtu mwenye kuvijua Vita vya Msalaba kwa vitabu angeweza kusema moyoni kwamba vita vile havijakwisha bado.

Lakini huko Dameski alikutana na mtu mwingine. Alikuwa Amiri Abd el-Kader, Mwislamu wa Aljeria, aliyepigana na Wafaransa miaka kumi na mitano kuilinda nchi yake, akashindwa mwaka wa 1847, akafungwa Ufaransa, kisha akaachiliwa akakae ugenini. Kama yupo mtu aliyekuwa na sababu ya kuwachukia Wakristo, ndiye huyo. Walakini ghasia zilipoanza, Abd el-Kader alitoka na watu wake, akawachukua Wakristo kwa maelfu na kuwahifadhi, akasimama kati yao na wale waliotaka kuwaua, naye alifanya hayo kwa kuwa dini yake ilimwagiza. Lavigerie alikwenda kumwamkia na kumshukuru. Tangu siku zile moyo wake ulikuwa na mafundisho mawili yaliyoshindana: moja la Mfalme Louis na upanga wake, na moja la Amiri huyu na huruma yake. Maisha yake yaliyobaki ni habari ya mashindano hayo.

Mwaka wa 1863 alifanywa askofu wa Nancy, na mwaka wa 1867 akawa askofu mkuu wa Algiers. Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers tangu mwaka wa 1830, na wenyeji wake ni Waislamu. Mara alipofika palikuwa na kipindupindu na njaa kali. Watu walikufa njiani. Lavigerie aliwakusanya watoto yatima zaidi ya elfu moja, akawalisha na kuwafundisha. Gavana MacMahon alikasirika, akiogopa kwamba Waislamu watadhani watoto wao wanaibwa ili wabatizwe, na jambo hili likafika mbele ya Kaisari Napoleon wa Tatu. Askofu aliruhusiwa kuwaweka yatima wake.

Kwa ajili ya kazi ile alianzisha mwaka wa 1868 chama cha wamisionari, ambao huku kwetu huitwa Mapadre Weupe, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha masista. Amri alizowapa zastahili kutazamwa. Aliwaamuru wavae kanzu nyeupe, joho na kofia nyekundu, kama wavaavyo watu wa Aljeria. Wale chakula cha wenyeji na kusema lugha yao. Aliwakataza kuwahubiria Waislamu kwa haraka au kushindana nao kwa maneno: kwanza watibu wagonjwa, wafundishe watoto, wakae miaka mingi kama majirani wema. Hata mahali pasipokuwa na Uislamu aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa muda wa miaka minne. Agizo hilo ni kinyume cha mambo ya vita, kwa maana askari hutaka kushinda leo, lakini yeye aliwafundisha wajumbe wake kungoja.

Walakini Mfalme Louis naye hakuwa mbali. Katika mlima wa Byrsa, mahali pa mji wa kale wa Carthage, Wafaransa walikuwa wamejenga kanisa dogo la kumkumbuka Louis karibu na pale alipofia. Mwaka wa 1875 Lavigerie aliwaweka Mapadre Weupe walinde mahali hapo. Wafaransa walipoishika Tunisia mwaka wa 1881, yeye akafanywa kardinali mwaka wa 1882, kisha askofu mkuu wa Carthage mwaka wa 1884. Akajenga juu ya mlima ule kanisa kubwa lenye jina la mfalme wa Vita vya Msalaba. Huko Yerusalemu pia, tangu mwaka wa 1878, mapadre wake walipewa Kanisa la Mtakatifu Anna, lililojengwa na watu wa vita vile, kisha likafanywa madrasa na Salahaddini, kisha likatolewa na Sultani wa Waturuki kwa Ufaransa mwaka wa 1856. Jiwe moja lilikuwa limepita mikononi mwa hawa na hawa, na kila mara kwa ajili ya vita.

Sasa na tuje kwetu. Mwaka wa 1878 Papa Leo wa Kumi na Tatu alimpa Lavigerie kazi ya nchi za maziwa makuu. Mapadre kumi walisafiri mwaka ule ule, wakapita Bagamoyo na Tabora. Wengine wakaenda Buganda, wengine wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Njia waliyopita ilikuwa njia ya watumwa. Waliona minyororo, vijiji vilivyochomwa, na mifupa ya watu kando ya njia. Mwaka wa 1881 mapadre wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa huko Rumonge, kaskazini ya ziwa. Mpango wa Lavigerie tangu mwanzo ulikuwa na mambo mawili pamoja. Alitaka madaktari Waafrika na waalimu wenye saburi. Lakini alitaka pia ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, uliolindwa na askari Wakristo, mfano wa vyama vya watawa askari wa zamani. Misafara yake ilisindikizwa na watu waliokuwa askari wa Papa huko Roma.

Mmoja wao alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1842. Alifika ziwani mara ya kwanza na msafara wa mwaka wa 1880, na tangu mwaka wa 1887 alikaa Mpala, ng'ambo ya Karema, akifundisha vijana kutumia bunduki na kuwazuia watu wa Rumaliza, bwana mkubwa wa Ujiji aliyeishika biashara ya pembe na watumwa. Tusiseme neno jepesi juu ya jambo hilo. Watu waliomkimbilia Joubert walikuwa na watoto wao mgongoni, na kama asingalikuwapo, wengi wangalipelekwa sokoni kuuzwa. Mwenye kuzuia mwizi wa watu mlangoni hafanyi dhambi. Neno gumu ni lingine: ni jina ambalo ulinzi ule ulipewa huko Ulaya.

Mwaka wa 1888 Kardinali, mzee mwenye maumivu mengi mwilini, aliitembelea miji mikubwa kuhubiri juu ya watumwa. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris, tarehe 31 Julai alisema London mbele ya Waprotestanti, tarehe 15 Agosti alihubiri Brussels. Aliwaeleza watu habari ambazo mapadre wake waliandika, nao wakalia. Na alipotafuta neno la kuwaamsha, alilitwaa lile la kale: aliwaita katika Vita vya Msalaba vipya, akaomba vijana wa kujitolea na silaha zao. Kusudi lake lilikuwa jema, na vyama vya kupinga utumwa vilisimama katika nchi nyingi. Lakini neno la kale huja na watoto wake. Wasikilizaji wengi hawakusikia tena habari za wafanya biashara wabaya. Walisikia habari za Waislamu. Wakasahau kwamba ruga-ruga wengi na machifu wengine waliouza watu hawakuwa Waislamu, na kwamba merikebu za Wakristo zilivusha watumwa bahari ya Atlantiki karne nyingi.

Tazameni jinsi neno hilo lilivyotumika. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ilianza kuishika pwani yetu kwa ubavu, watu wa Pangani na miji mingine wakainuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Vita hiyo ilikuwa juu ya nchi, ushuru na heshima. Lakini tarehe 27 Oktoba, katika mji wa Cologne, Wakatoliki na Waprotestanti wa Ujerumani walikusanyika pamoja kuunga mkono vita juu ya utumwa. Na mwezi wa Januari 1889 Baraza la Ujerumani lilikubali kutoa marki milioni 2 kumpeleka Wissmann na askari wake, kwa jina la kuukomesha utumwa. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Utumwa wenyewe haukufutwa na Wajerumani kwa sheria hata siku yao ya mwisho katika nchi hii. Ulifutwa mwaka wa 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo sisi Waluteri tusimnyoshee Kardinali kidole peke yake. Waprotestanti walikuwapo katika mkutano ule.

Nasi tulikuwa na sababu ya kujua zaidi. Mwaka wa 1529, Waturuki walipoitisha Ulaya, Martin Luther aliandika kitabu juu ya vita hivyo. Alifundisha ya kwamba kuwalinda raia ni kazi ya Kaisari, kwa kuwa Mungu amempa upanga kwa kazi hiyo. Lakini Kanisa lisiongoze vita, wala mtu asipigane kwa jina la Kristo kana kwamba anaitetea Injili kwa chuma. Joubert mlangoni pa kijiji alifanya kazi ya Kaisari pale ambapo Kaisari hayupo. Kumwita askari wa msalaba ni kuchanganya mambo mawili ambayo Luther aliyatenganisha kwa makusudi.

Na matunda ya mchanganyiko ule yalionekana upesi karibu nasi. Katika Buganda, mwaka wa 1888, vikundi vya dini vilishika bunduki. Waislamu waliwafukuza Wakristo. Wakristo wakarudi, wakawashinda Waislamu. Kisha, tarehe 24 Januari 1892, Wakristo wenyewe walipigana huko Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, na damu ya ndugu ikamwagika. Upanga wa dini ukiisha kutolewa alani, hauchagui shingo.

Kardinali mwenyewe aliona kidogo mwisho wa njia ile. Mwaka wa 1891 alianzisha huko Biskra, ukingoni mwa jangwa la Sahara, chama cha mabruda wenye silaha. Kazi yao haikuendelea, nacho kikavunjwa mwaka wa 1892. Lakini mkutano wa mataifa uliofanyika Brussels tangu Novemba 1889 hata Julai 1890 ulitia sahihi mapatano ya kuuzuia utumwa, na kati ya waliotia sahihi walikuwapo wajumbe wa Sultani wa Waturuki, wa Uajemi na wa Zanzibari, yaani watawala Waislamu. Jambo ambalo liliitwa vita juu yao, wao nao walikubali kulifanya, angalau kwa maandiko. Lavigerie alikufa Algiers tarehe 26 Novemba 1892, akazikwa katika kanisa lake la Carthage.

Baada ya kufa kwake, urithi wake wa upanga na urithi wake wa huruma ulikwenda njia mbili. Mwaka wa 1925, ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwake, Wafaransa walisimamisha sanamu yake mlangoni pa mji wa kale wa Tunis, msalaba mkononi, ikiwaelekea Waislamu. Vijana wa Tunisia wakaona uchungu. Mwaka wa 1930 palikuwa na mkutano mkubwa wa Wakatoliki huko Carthage, na vijana walitembea njiani wakiwa wamevaa kama askari wa Vita vya Msalaba. Wengi waliokuwa viongozi wa uhuru wa Tunisia hawakusahau siku ile. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1956 sanamu iliondolewa. Na mwaka wa 1964 kanisa kubwa lilitolewa kwa serikali, mwili wa Kardinali ukahamishiwa Roma. Leo nyumba ile hutumika kwa nyimbo na maonyesho. Mambo yaliyotendwa mwaka wa 1270 yalikuwa bado yakidai malipo baada ya miaka karibu mia saba.

Lakini urithi wa pili ulikuja Karema. Palikuwa na mtoto mmoja, Adrian Atiman, aliyeibwa karibu na Timbuktu, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadre Weupe kwa fedha huko Aljeria. Lavigerie alikuwa amefungua nyumba ya kufundishia uganga katika kisiwa cha Malta, ambacho Matendo ya Mitume hukiita Melita. Kisiwa hicho kilitawaliwa na watawa askari wa Mtakatifu Yohana tangu mwaka wa 1530 hata 1798, na kuta zake zilijengwa kuwazuia Waturuki. Ndani ya kuta hizo za vita mtoto aliyekuwa mtumwa alifundishwa kuponya. Mwaka wa 1889 Atiman alifika Karema, akaoa binti wa huku, akatibu watu na kuwafundisha dini hata alipokufa mwaka wa 1956, miaka sitini na saba. Joubert naye, vita vilipokwisha, aliweka bunduki, akalima na kufundisha upande wa pili wa ziwa pamoja na mkewe Mwafrika, hata akafa mwaka wa 1927.

Ndugu, katika mkoa wetu wa Katavi Wakristo na Waislamu wanakaa ukuta kwa ukuta. Wanakopeshana chumvi, wanazikana, na mara nyingine wamezaliwa tumbo moja. Amani hiyo si kitu cha kudharauliwa. Ni shamba lililolimwa na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Adui wake mara nyingi huja na neno kabla hajaja na silaha: neno lifanyalo ugomvi wa shamba, wa nyama ya buchani au wa kiti cha uongozi uitwe vita vya Mungu. Tulisikiapo neno hilo, hata kama laletwa na mtu mwenye kusudi jema, tuulize kwanza ni kazi ya nani na ni jina la nani latumiwa. Tena tusiwafundishe watoto wetu habari ya Mfalme Louis peke yake. Tuwaambie pia habari ya Amiri Abd el-Kader wa Dameski, aliyewaokoa watu wa dini iliyomshinda, na ya Adrian Atiman wa Karema, aliyeuzwa na watu akatumia maisha yake yote kuwaponya watu.